Robert Koch, Mtafutaji wa Kijidudu cha Kifua Kikuu

Mtu akishikwa na kikohozi kisichoisha, akakohoa majuma mawili au matatu, akakonda mwili na kutokwa na jasho usiku, wenye busara humshauri aende hospitali. Akifika huko hupewa kikopo kidogo chenye kifuniko, naye huambiwa ateme makohozi yake humo. Makohozi hayo huweza kupakwa juu ya kipande cha kioo, yakatiwa rangi, kisha yakatazamwa kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Siku hizi viko na vyombo vingine vipya vya kuyapimia. Baadaye jibu hutoka: anacho kifua kikuu, au hanacho. Jibu hilo ni jambo kubwa. Aliye na ugonjwa hupewa dawa mapema, na jamaa zake hukingwa. Asiye nao hutafutiwa sababu nyingine ya kikohozi chake.

Hapo zamani jibu kama hilo halikuweza kupatikana. Wengine walisema kifua kikuu ni ugonjwa wa kurithi. Wengine walisema huletwa na hewa mbaya, au huzuni, au uchawi. Kipimo cha makohozi kilianza katika mji wa Berlin, mwaka 1882, na aliyekifungulia njia ni daktari aliyeitwa Robert Koch. Habari za maisha yake ndizo tutakazosoma sasa. Tutaona mambo aliyoyafanya vema, na pia mahali alipojikwaa. Kwa maana yote mawili yana mafunzo.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843, katika mji wa Clausthal, ulio katika milima ya Harz. Milima hiyo imo katika nchi ya Ujerumani, ambayo watu wake wazee wetu waliwaita Wadachi. Baba yake alifanya kazi katika machimbo ya madini, na nyumba yao ilikuwa na watoto wengi, maana mama yake alizaa watoto 13. Tangu utoto Robert alipenda kuokota mawe, mimea na wadudu, na kuvitazama kwa makini. Alitamani pia kusafiri mbali, avuke bahari na kuona nchi za wageni. Tamaa hiyo ilingoja miaka mingi, lakini haikufa.

Mwaka 1862 aliingia chuo kikuu cha Göttingen, akajifunza uganga. Mmoja wa walimu wake aliitwa Jakob Henle. Mwalimu huyo alikuwa ameandika, tangu mwaka 1840, kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Lakini hakuwa na njia ya kuonyesha ukweli wa neno lake, na watu wengi hawakuliamini. Koch alipata shahada yake mwaka 1866. Vita vya Wadachi na Wafaransa vilipotokea mwaka 1870, alikwenda kuwatibu askari. Kisha mwaka 1872 akawekwa kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland, nao huitwa Wolsztyn.

Katika wilaya ile kondoo na ng'ombe wengi walikufa kwa ugonjwa wa kimeta, na hata watu waliowachuna walikufa. Madaktari wengine walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo sana katika damu ya wanyama hao. Lakini neno moja halikujulikana: je, vijiti vile ndivyo vilivyoleta ugonjwa, au viliingia tu baada ya mnyama kuugua, kama nzi wanaokuja penye mzoga? Nzi hawakumwua mnyama yule, ingawa kila mara huonekana hapo.

Koch hakuwa na maabara, wala msaidizi wa kazi, wala fedha za kutosha. Alikuwa na darubini yake, na nafasi katika nyumba yake, na panya wadogo. Mchana alitibu wagonjwa, na saa zilizobaki alitafuta jibu la swali lile. Alitwaa kijiti cha mti kilichosafishwa kwa moto, akakichovya katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akakitia katika mkato mdogo katika ngozi ya panya. Panya akafa. Akatwaa damu ya panya huyo akampa wa pili, na ya wa pili akampa wa tatu, akaendelea hivyo hata kufika panya wa 20, na katika kila mmoja akaviona vijiti vile vile. Akavikuza nje ya mwili, ndani ya maji ya jicho la ng'ombe, navyo vikazaana mbele ya macho yake. Aliona tena kwamba hali ikiwa ngumu, vijiti hujifanya kuwa mfano wa mbegu ngumu, ambazo hukaa udongoni muda mrefu bila kufa. Ndiyo sababu malisho yaliyokuwa na kimeta zamani huweza kuua tena. Mwaka 1876 alipeleka kazi yake kwa mwalimu mkuu Ferdinand Cohn katika mji wa Breslau, akaifanya yote tena mbele ya wataalamu wa huko. Wakaona kwa macho yao, wakakubali.

Mwaka 1880 serikali ilimwita Koch aje Berlin, ikampa maabara na wasaidizi. Huko alitengeneza njia ya kutenga vijidudu, kila jamii peke yake. Kwanza alitumia vipande vya viazi vilivyopikwa, kisha rojo iliyogandishwa. Rojo hiyo iliyeyuka mahali pa joto, ikawa taabu. Ndipo Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alipotoa shauri kwamba watumie agari, kitu kitokacho katika mwani wa baharini, ambacho yeye alikijua katika mapishi yake. Agari haikuyeyuka upesi. Shauri hilo la jikoni linatumika katika maabara za dunia nzima hata leo.

Katika mwezi wa Agosti 1881 Koch alianza kushughulika na kifua kikuu. Ugonjwa huo ulikuwa ukiangamiza watu vibaya sana. Yeye mwenyewe alihesabu kwamba katika kila watu 7 waliokufa, mmoja alikufa kwa kifua kikuu. Wengi walikuwa wametafuta kijidudu chake bila kukiona. Sababu ni tatu. Kwanza, ni kidogo mno. Pili, rangi za kawaida zinazotumika ili vijidudu vionekane hazikishiki. Tatu, hukua polepole, hata mtu asiye na subira hutupa chombo chake akidhani hamna kitu.

Koch alijaribu rangi nyingi. Mwisho alitumia rangi ya buluu iliyochanganywa na dawa kali kidogo, akayaacha mapande ya mapafu mabovu yalale humo mchana na usiku. Kisha akatia juu yake rangi nyingine ya kahawia. Alipotazama katika darubini, nyama yote ilikuwa ya kahawia, na katikati yake palikuwa na vijiti vyembamba sana vilivyobaki na rangi ya buluu.

Mtu mwingine angalitoka mbio siku ile ile kutangaza habari. Koch hakutoka. Alijua kwamba kuona kitu ni mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake. Akajiuliza maswali, na kila swali akalitafutia jibu kwa matendo.

Swali la kwanza lilikuwa hili: je, vijiti hivi vimo katika kila mwenye kifua kikuu? Akatazama viungo vya watu waliokufa, na vya nyani, na ng'ombe, na wanyama wengine waliougua, akavikuta. Swali la pili: je, rangi hii huonyesha vijidudu hivi peke yake, au inashika vijidudu vingine pia na kumdanganya mtazamaji? Akatia rangi hiyo vijidudu vya namna nyingi. Vyote vikawa vya kahawia, isipokuwa vya jamii moja: vijidudu vya ukoma navyo vilishika rangi ya buluu. Jambo hilo Koch hakulificha. Aliliandika wazi, ili daktari atakayetumia kipimo ajue mahali kiwezapo kumpoteza.

Swali la tatu lilihusu makohozi ya watu walio hai. Alipima makohozi ya wagonjwa wengi wa kifua kikuu, akaona vijiti katika karibu nusu yao. Akapima na makohozi ya watu wenye magonjwa mengine ya kifua, asivione hata mara moja. Fikirini neno hili. Kipimo chake hakikuwakamata wote walio wagonjwa, lakini hakikumsingizia asiye nao. Kwa hiyo vijiti vikionekana, daktari aliweza kusadiki. Visipoonekana, ilimpasa apime tena, wala asimwambie mgonjwa haraka kwamba ni mzima. Kila kipimo kina pande hizo mbili, na mtu asiyezijua zote mbili hakijui kipimo chake.

Swali la nne lilikuwa kubwa kupita yote: je, vijiti hivi ndivyo vinavyoleta ugonjwa? Koch alitwaa maji ya damu ya wanyama, akayapasha moto mpaka yakaganda, akapanda vijidudu juu yake, akaviweka mahali penye joto kama la mwili, nyuzi 37. Vijidudu vingi huonekana baada ya siku moja au mbili. Hivi havikuonekana. Juma moja likapita, chombo bado kitupu. Katika juma la pili vikaanza kutokea vitone vidogo vikavu kama magamba. Akavihamisha katika chombo kingine, na kingine tena, kwa miezi mingi, hata hapakubaki chembe ya mwili wa mgonjwa wa kwanza. Ndipo akawadunga simbilisi, wanyama wadogo mfano wa sungura. Simbilisi waliodungwa waliugua kifua kikuu, na ndani ya miili yao vijiti vile vilionekana tena. Wenzao wasiopewa vijidudu, waliolishwa chakula kile kile na kutunzwa vile vile, hawakuugua. Hao wazima walikuwa na kazi kubwa kama wagonjwa, maana bila wao nani angejua kwamba ugonjwa haukutoka katika chakula, au katika hewa ya chumba?

Usiku wa tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya wataalamu katika chumba kimoja mjini Berlin. Hakuwa msemaji hodari. Lakini alikuwa amepanga mezani darubini zake, na vioo, na vyombo vyake, zaidi ya vitu 200, ili kila mtu ajionee mwenyewe. Alipomaliza, chumba kilikuwa kimya. Hakuna aliyesimama kubisha, kwa sababu kila swali ambalo wangeuliza alikuwa amekwisha kujiuliza mwenyewe. Katika wasikilizaji alikuwamo kijana aliyeitwa Paul Ehrlich. Huyo aliondoka pale akaanza mara moja kuitengeneza rangi ya Koch iwe ya upesi na nzuri zaidi. Kisha Ziehl na Neelsen wakaitengeneza tena, nayo yangali yatumika. Miaka michache baadaye Ehrlich alishikwa na kikohozi, akapima makohozi yake mwenyewe, akaviona vijidudu. Akaenda Misri kupumzika penye hewa kavu, akapona, akaishi kufanya kazi nyingine kubwa.

Baada ya hayo jina la Koch lilienea pote. Mwaka 1883 alitumwa Misri, kisha India, kutafuta asili ya kipindupindu, akakionyesha kijidudu chake na jinsi maji machafu yanavyokieneza. Alipewa heshima na zawadi nyingi. Watu wakaanza kumtazamia atoe muujiza. Na hapo ndipo alipojikwaa.

Mwaka 1890 palikuwa na mkutano mkubwa wa madaktari wa mataifa yote mjini Berlin. Koch alitangaza mbele yao kwamba amepata kitu kiwezacho kuzuia kifua kikuu katika simbilisi. Miezi michache baadaye dawa hiyo, iitwayo tuberkulini, ilianza kutumiwa kwa watu. Asili yake aliifanya siri. Alikuwa amejidunga mwenyewe, akapatwa na homa kali, kutetemeka, kutapika na kupumua kwa shida. Hata hivyo hakuona kwamba jambo hilo lilimtaka angoje. Wagonjwa wakaja Berlin kutoka nchi mbalimbali, wengine wakiwa karibu kufa, nyumba za wageni zikajaa. Lakini hawakupona. Wengine hali yao ilizidi kuwa mbaya, na wengine wakafa. Mwanzoni mwa mwaka 1891 daktari mkuu Rudolf Virchow aliwapasua waliokufa, akaonyesha kwamba dawa haikuviua vijidudu, bali katika baadhi yao ilikuwa kana kwamba imevitawanya. Ndipo Koch alipolazimika kueleza kwamba dawa yake ilitokana na vijidudu vya kifua kikuu vyenyewe, vilivyopikwa pamoja na gliserini.

Mtu yule aliyengoja majuma mengi kutazama vitone vidogo katika chombo, safari hii hakungoja. Mtu yule aliyewaonyesha wenzake kila kitu, safari hii alificha. Haraka haraka haina baraka. Na msiba haukumpata yeye tu aliyeharibikiwa jina, bali zaidi wale waliouza mali zao wafike Berlin, wakarudi bila afya na bila matumaini.

Walakini tuberkulini haikupotea bure. Ilionekana kwamba aliye na vijidudu vya kifua kikuu mwilini huvimba inapoguswa ngozi yake kwa dawa hiyo, na asiye navyo kwa kawaida havimbi. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet wa Vienna aliifanya kuwa kipimo cha kukwaruza ngozi, na mwaka 1908 Mfaransa Charles Mantoux akaidunga ndani ya ngozi ya mkono, ili uvimbe upimwe. Kitu kilichoshindwa kuwa dawa kikawa kipimo.

Sasa ile tamaa yake ya utotoni ya kusafiri ikatimia. Mwishoni mwa mwaka 1896 alifika Afrika ya Kusini kwa ajili ya sotoka, iliyokuwa ikimaliza ng'ombe. Mwaka 1897 akafika Dar es Salaam, akakaa huko akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Naye ndiye aliyethibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu wa Kiziba, upande wa Bukoba, ni tauni. Mwaka 1905 alirudi nchini Tanganyika, wakati huo ikitawaliwa na Wadachi, akachunguza homa ya papasi iliyowashika wasafiri waliolala katika vibanda vya njiani. Akaonyesha kwamba kijidudu cha homa hiyo huingia hata katika mayai ya papasi, hivyo papasi mchanga huzaliwa akiwa na sumu tayari. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Tangu mwaka 1906 hata 1907 alikaa katika visiwa vya Sese, katika ziwa la Victoria, upande wa Uganda, ambako malale yalikuwa yameua watu wengi mno. Aliwadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki. Vijidudu vilitoweka katika damu, watu wakapata nguvu, habari ikawa ya furaha. Kisha vijidudu vikarudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa, na zaidi ya watu 20 wakapofuka macho, wasione tena. Akaacha kuwapa kipimo kile kikubwa, lakini macho yao hayakurudi. Majina ya wagonjwa hao hatuyasomi pamoja na jina la daktari wao. Hata hivyo wasisahauliwe, kwa kuwa walilipa kwa macho yao bei ya dawa isiyojulikana vizuri.

Robert Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910, katika mji wa Baden-Baden, kwa ugonjwa wa moyo. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika jumba la taasisi iliyoanzishwa kwa ajili yake mwaka 1891, nayo yaitwa kwa jina lake.

Wanafunzi wake walirithi njia zake, na pengine makosa yake. Mmoja wao, Richard Pfeiffer, mwaka 1892 alitangaza kijidudu alichokiona kwa wagonjwa wa homa ya mafua kuwa ndicho kinachoileta. Wengi walimwamini. Lakini mafua makubwa ya mwaka 1918 yalipoua mamilioni ya watu, madaktari waliona wagonjwa wengi wasio na kijidudu hicho, na watu wazima walio nacho. Swali la Koch kuhusu wasio wagonjwa lilikuwa halikujibiwa sawasawa. Mwaka 1933 Waingereza Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walionyesha kwamba mafua ya watu huletwa na virusi, ambavyo ni vidogo hata hupenya chujio linalozuia vijidudu vya kawaida.

Mwezi wa Januari 2020, ugonjwa mpya wa mapafu ulipotokea China, wataalamu wa hospitali ya Charité, katika mji ule ule wa Berlin, walitengeneza kipimo cha kuvitambua virusi vyake kabla wao wenyewe hawajapata virusi hivyo mikononi. Kabla ya kukitegemea, walikijaribu juu ya sampuli 297 za watu wenye magonjwa mengine ya njia ya pumzi, waone kama kingewasingizia. Hakikuwasingizia. Vyombo vyao vilikuwa vipya, vya namna ambayo Koch hakuota. Lakini maswali yalikuwa yale yale aliyojiuliza mwaka 1881, peke yake mbele ya darubini yake. Je, kipimo chamwona aliye mgonjwa? Je, chamwacha salama asiye mgonjwa? Tumejaribu mara ngapi, na tumewaonyesha wenzetu yote, pamoja na yale yasiyotupendeza?

Naye kila achukuaye kikopo cha makohozi mkononi na kungoja jibu lake, hutegemea kwamba mahali fulani mtu mwenye subira amekwisha kuyajibu maswali hayo kabla yake.